Mpango wa Kumpeleka Mama Enniscrone

Ijumaa, 9 Agosti

Leo asubuhi Mama ametaja bahari. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, wala hakuinua uso. Amesema Alhamisi ijayo ni tarehe kumi na tano, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na angependa kutia miguu katika maji ya ufukwe wa Enniscrone. Yeye na Baba hawakukosa hata mwaka mmoja. Maji ya bahari siku hiyo ni dawa ya miguu, kila mtu anajua. Baba yuko kaburini mwaka wa nne sasa, na tangu hapo Mama hajaiona bahari.

Nimeona aibu kidogo. Kiangazi cha kwanza nilimwahidi, mvua ikanyesha. Cha pili nilimwahidi, gari likafa. Cha tatu nilisahau. Lakini mwaka huu mimi, Ultan Heffernan, umri miaka hamsini na nne, mtoto wake wa kwanza na wa kiume wa pekee, ninayeishi naye nyumba moja, nitampeleka. Mimi, si dada yangu Attracta. Hilo ni muhimu.

Jioni nimechora mpango nyuma ya kalenda ya chakula cha ng'ombe. Maili tatu za mchanga. Nimetia alama mahali pa kuegesha gari, mahali pa kunywa chai, na mahali ambapo Mama atageuka aniambie kwamba kuzaa si bure.

Vikwazo viwili. Kwanza, gari langu limefeli ukaguzi tena: breki, taa, na kile mkaguzi alichokiita hali ya jumla. Pili, bosi wangu pale dukani kwa vifaa vya ujenzi amekataa kunipa Alhamisi. Mbao zinaingia. Basi safari ni Jumamosi, tarehe kumi na saba. Nimemwambia Mama nguvu ya maji yale hukaa siku tatu. Ameuliza nimesoma wapi. Nimesema mahali fulani.

Jumamosi, 10 Agosti

Siri imevuja. Mama alimwambia Concepta, jirani yetu. Kumwambia Concepta ni kuitangazia wilaya yote ya Longford, mashamba na vinamasi vyake vyote.

Saa nne Attracta yuko mlangoni, na keki mkononi. Amekwisha kupanga kila kitu. Jumapili ya tarehe kumi na nane, baada ya misa, kwa gari la mumewe Malachy. Gari jipya, viti saba, na viti vyenyewe vinapasha makalio joto. Chakula cha mchana hotelini. Kiti cha kukunja cha Mama, mwavuli wa Mama, blanketi la Mama.

Nimemweleza kwa upole kwamba mipango iko tayari na ina ramani. Akataka kuiona. Akaigeuza, akasoma bei ya chakula cha ng'ombe kwa sauti.

Akaniuliza ni nani aliyempeleka Mama hospitali ya macho. Nani huleta bata mzinga wa Krismasi. Nikamjibu kwamba mimi ndiye ninayeishi naye.

"Unaishi naye," akasema, "au unapikiwa?"

Ningemjibu vikali sana. Lakini nilikuwa na keki yake mdomoni.

Mama akasema sikukuu ni Alhamisi. Sote wawili tukamwambia ndiyo, tunajua.

Jumatatu, 12 Agosti

Utabiri wa hali ya hewa ni wa upande mmoja. Mvua Jumamosi, jua Jumapili. Attracta amenitumia picha ya utabiri huo bila neno lolote. Hata salamu.

Dawa ipo. Jana jioni niliitoa sanamu ya Mtoto Yesu wa Prague kabatini nikaiweka nje, chini ya ua wa miti, ili alete jua, kama wanavyofanya watu wote wenye akili kabla ya harusi. Nikamweleza Mtoto wazi kwamba ni Jumamosi, si Jumapili. Nikarudia mara mbili ili pasiwe na kutoelewana.

Leo asubuhi sanamu haina kichwa. Nilifurahi mno. Kichwa kikikatika, jua ni la uhakika. Hata bibi yangu alisema hivyo. Kisha Concepta akaja na kichwa ndani ya leso, akaomba radhi kwa niaba ya mbwa wake. Nikamuuliza kama bahati inahesabika ikiwa kichwa kimeng'olewa na mbwa. Akafikiri sana. Akasema kichwa kinatakiwa kikatike chenyewe, lakini mbwa wake ni mbwa mwema.

Nimekibandika kwa gundi. Kimekauka kikiwa kimepinda. Sasa Mtoto anatazama kushoto, moja kwa moja kwenye nyumba ya Malachy.

Jumanne, 13 Agosti

Suala la gari limekwisha! Leo ni siku yangu.

Klabu ya mpira ina basi dogo la viti kumi na viwili. Nilikwenda kwa Colman Mulvey, katibu wa klabu, kuliomba kwa Jumamosi. Akasema basi halitoki kwa safari za mtu binafsi. Nikaona mlango unafungwa, nikatia mguu. Nikamwambia si safari ya mtu binafsi, ni hija ya wazee kwenda kwenye maji ya Bikira Maria. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Colman akavua kofia. Akasema hakujua kama nina moyo wa namna hiyo. Akanipa ufunguo pale pale.

Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Mimi na Mama peke yetu, viti kumi na viwili, kila mtu na dirisha lake.

Saa kumi na moja jioni. Nimepita mbele ya kanisa. Kuna karatasi mlangoni, mwandiko wa Colman: HIJA YA WAZEE, BURE, KIONGOZI NI ULTAN HEFFERNAN. Chini yake majina kumi na manne. Mmoja ameandika kwamba atakuja na tangi lake la oksijeni. Mwingine anauliza kama kiongozi atasalisha rozari njia nzima au wakati wa kwenda tu.

Jumatano, 14 Agosti

Attracta ameisoma karatasi. Amekuja jioni na Malachy. Tukakaa jikoni, kikao rasmi.

Yeye alianza. Alisema namkokota Mama wa miaka themanini na moja baharini pamoja na wagonjwa kumi na wanne ili tu nimshinde yeye. Nikasema hija ni wazo nililokuwa nalo moyoni tangu zamani. Malachy akacheka, akajifanya anakohoa. Nikapendekeza Mama aende mara mbili, Jumamosi na mimi, Jumapili na wao. Attracta akasema mara ya pili haitakuwa na maana. Nikasema hasa, ndiyo maana yangu ni ya kwanza. Malachy akasema turushe sarafu. Hakuna aliyemtazama.

Mama alikuwa mezani anatengeneza mikate ya mayai. Mingi kupita kiasi, nikaona, lakini umri una mambo yake. Nikala miwili. Viatu vyake vya wazi vilikuwa juu ya gazeti, vimepakwa rangi.

Katikati ya mabishano akauliza kama kuna yeyote kati yetu mwenye nafasi kesho. Tukamwambia angoje kidogo, Mama, tunazungumzia safari yako.

Akasema sawa. Akafunga mikate kwenye karatasi.

Tulimaliza uani, mimi na Attracta, kwa sauti ambayo Concepta hakuhitaji kuitegea sikio.

Alhamisi, 15 Agosti

Naandika haya nikiwa nimekaa kitandani, suruali yangu ya kazi imelowa mpaka kiunoni. Nitajaribu kufuata mpangilio.

Saa saba mchana nilikuja nyumbani kula. Hakuna chakula. Jiko baridi. Nikaita, kimya. Nikaenda kwa Concepta, kumefungwa, mbwa kwenye mnyororo, ananitazama kama anayejua jambo.

Nikampigia Attracta nikamwambia amrudishe mama yangu mara moja. Naye akaniambia nilivyo na akili ndogo, akauliza basi la klabu liko wapi na Mama nimemfungia wapi. Tukatukanana dakika tatu nzima. Kisha tukaacha kwa pamoja, maana kila mmoja alisikia kwamba mwenzake anaogopa.

Kikaratasi kilikuwa chini ya birika. "Tumekwenda baharini, mimi na Concepta. Treni ya asubuhi hadi Sligo, halafu basi. Kadi za wazee, hatulipi. Mbwa apewe maji."

Ameandika lini, sijui. Kwa mwandiko mzuri, bila haraka.

Malachy alifika na gari ndani ya dakika tano, Attracta akiwa ameshika kiti cha kukunja kama silaha. Nikaingia nyuma. Mbao zilikuwa zinateremshwa barabarani, bosi alinipungia mkono nirudi, nikampungia mkono wa kwaheri. Malachy akanitazama kwenye kioo.

"Kumbe ruhusa ilikuwepo, shemeji," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma. Mwendo ni wa karibu saa mbili. Kiti kilinipasha joto njia nzima. Sitaki kulizungumzia.

Enniscrone, maji yalikuwa yamekupwa na mchanga umekwenda mpaka jicho linachoka. Watu tele, watoto, mipira. Tulikimbia. Attracta na kiti, mimi na buti za kazi. Nilifikiria mambo mabaya, siwezi kuyaandika. Nilifikiria kiangazi cha kwanza, kwamba siku ile mvua haikuwa kubwa kiasi hicho.

Tukawaona kwa mbali, vibibi viwili, maji magotini, sketi zimekunjwa mkononi. Wanakula aiskrimu. Concepta alikuwa na aiskrimu hadi kwenye pua.

Niliingia majini na buti. Mama akageuka, akatutazama mmoja mmoja, mimi, Attracta, Malachy aliyebaki nyuma anakunja suruali yake vizuri.

"Haya," akasema, "mmekubaliana siku gani?"

Concepta alicheka mpaka akamshika Mama asianguke. Attracta akaanza kulia, kisha akaanza kugomba, kuhusu miguu, baridi, umri, treni. Mama akamwachia amalize. Kisha akasema kwamba Baba alikuwa na kawaida ya kumshika kiwiko, kwa sababu wimbi likirudi mchanga hukimbia chini ya nyayo na mtu hujiona kama anaondoka. Leo Concepta amejaribu, lakini Concepta mwenyewe anayumba.

Akampa Concepta aiskrimu amshikie. Akatunyoshea viwiko vyote viwili.

Tukashika, mimi huku, Attracta kule. Maji yalikuwa baridi ya kukata. Wimbi lilikuja, likarudi, na mchanga ukakimbia kweli, kama alivyosema. Kiwiko chake ni kidogo sana. Naishi naye nyumba moja, na sikujua.

Baadaye Mama akasema miguu yake iko vizuri, tunaweza kwenda kunywa chai. Mikate ya mayai ilitutosha sote, na miwili ikabaki. Attracta na mimi tulirudi tumekaa pamoja kiti cha nyuma. Hatukugombana mpaka tulipovuka mpaka wa Longford.

Ila ijulikane kwamba mimi ndiye niliyeshika upande wa bahari, ambao ndio mgumu.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekuwa na siku mbili za kutafakari, kwa sababu bosi amenipumzisha kazini mpaka Jumatano.

Ijumaa niliona hakuna haja tena ya kuwahangaikia wale mahujaji kumi na wanne, maana Mama amekwisha kwenda. Nikajilaza, nikamtumia Colman habari kwamba mgongo umekataa, na kwamba shemeji yangu Malachy ana hamu kubwa ya kuniwakilisha. Nilidhani Malachy atakataa. Hakukataa. Jana Jumamosi aliendesha basi la klabu mwenyewe, Attracta akafuata nyuma na gari lao pamoja na wale waliozidi na lile tangi la oksijeni. Jua liliwaka kutwa. Wamerudi wekundu, wanaimba.

Leo padri amemshukuru Malachy madhabahuni kwa jina. Kanisa likapiga makofi. Nikapiga na mimi, nusu nusu. Bibi mmoja mbele yangu akageuka akaniambia nina bahati ya kuwa na mtu kama yule katika ukoo. Wazo lilikuwa langu! Ufunguo wa basi nilipewa mimi! Nimelizunguka kanisa mara mbili natafuta ile karatasi yenye jina langu. Imeondolewa.

Lakini sikati tamaa. Nikiwa bado kwenye benchi, mpango mpya umenijia, mkubwa kuliko wa kwanza. Enniscrone ni ufukwe wa watu wasiofikiri mbali. Kule Kerry kuna ufukwe uitwao Inch, mchanga wake unaingia baharini kama meza ya karamu, na Baba alizungumza juu yake maisha yake yote bila kufika. Nitampeleka Mama huko. Mabasi mawili. Kwaya. Malachy hataambiwa. Nimeanza kuchora, safari hii kwenye karatasi safi.

Nimemweleza Mama wakati wa chai. Amefurahi, nimeona usoni. Akauliza kama Septemba mwanzoni itafaa, kabla ya upepo, na kama Jumanne ni siku nzuri, maana Concepta hana shughuli Jumanne.

Nimemwambia asiwe na haraka. Kwanza tupange.