Vita vya Kibao cha Tisa

Sogeeni, enyi kina mama mliojaaliwa mabinti wasiotulia, mtege masikio na mshike vifua, maana nawahadithia vita vikuu vilivyopiganwa baina ya mlango na meko katika nyumba ya Ragnfrid, mjane wa fiodi, ule mkono wa bahari upenyao kati ya milima, mama mwenye moyo usiolala. Vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, ila jasho, na machozi kidogo.

Alof bintiye alikuwa akifuma utepe wa kupamba shingo ya kanzu ya mchumba wake. Vibao ishirini na viwili vya mfupa, kila kimoja na matundu manne, kila tundu na uzi wake wa sufu, mwekundu au mweupe; vibao vikizungushwa, nyuzi hupishana na nakshi ikatokea. Upande mmoja nyuzi zimefungwa kwenye nguzo ya nyumba, upande wa pili kwenye mkanda kiunoni mwa binti mwenyewe. Mchana huo Gyrid Jicho-Kali, mama wa mchumba, angekuja kuukagua. Alishatamka mbele ya watu: utepe ukiwa na kasoro, ndoa hakuna.

"Usiinuke kabla hujavifunga vibao pamoja," Ragnfrid alionya, kwa mara ya arobaini.

"Mama nawe! Mimi mtoto?"

Mara sauti ikapaa kutoka ufukoni: "Merikebu! Kina Eyvind wamerudi!" Na Alof, mwepesi wa miguu kuliko kichwa, akamkimbilia Eyvind mchumba wake huku bado amefungwa nguzoni. Mkanda ukafyatuka, na jeshi zima la vibao likapinduka na kuporomoka sakafuni, wa juu akawa wa chini.

"Mama, nimekwisha!"

"Bado. Atakumaliza Gyrid. Shika huo mwisho, uvute, na usipumue!"

Ndipo Ragnfrid akapiga magoti, akawakabili adui mmoja mmoja, nyekundu juu, nyeupe chini, akiwarudisha kwenye zamu zao kama jemadari apangaye upya kikosi kilichokimbia. Akapitisha uzi mara moja kujaribu. Lo! Katika safu ya mishale iliyonakshiwa kwenye utepe, mshale mmoja ulikuwa umevunjika.

Hatua za Gyrid zikasikika uani.

"Mama, amefika!"

"Namsikia, sijaziba masikio!" Akavipapasa vibao hadi cha tisa, akakikuta kimewageuzia wenzake mgongo. "Kumbe ni wewe, mfupa wa kondoo!" Akakigeuza, akaufumua ule uzi, akaupitisha tena. Mshale ukasimama.

Gyrid akaingia, hakusalimu. Akapitisha kidole gumba juu ya utepe, mwanzo hadi mwisho, polepole, na Ragnfrid akahisi kile kidole kikitembea mgongoni mwake.

"Umefuma mwenyewe?"

"Mwenyewe," Alof akajibu, akitazama miguu yake.

"Si mbaya," akasema Gyrid.

Si mbaya! Kuna wafalme waliozikwa na merikebu zao bila kusikia maneno hayo kutoka kinywa kile. Basi lichongwe jiwe, lipakwe rangi nyekundu, lisimamishwe njia panda, na maandishi yake yaseme: hapa Ragnfrid aligeuza kibao kimoja, na binti yake akaolewa.