Njia ya Bustanini kwa Winifred

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Winifred Gough anauza bustani yake ya matufaha. Nyumba anabaki nayo, lakini miti inakwenda kwa bwana mmoja wa London, na bwana huyo ameshaleta fundi kupima pa kuzungushia senyenge. Katikati ya miti hiyo ndipo inapopita njia yetu: kutoka kwangu, mlangoni kwa Winifred, hadi baa. Ikifungwa itabidi nizunguke barabara kuu na goti langu hili. Nasikitikia baa. Baa tu.

Lakini Norman Pardoe hashindwi. Nimesoma sheria. Watu wakipita mahali miaka ishirini bila kutumia nguvu, bila kujificha, bila ruhusa ya mwenyewe, halmashauri huiandika njia kwenye ramani, na hakuna wa kuifunga tena. Nitakusanya mashahidi kimyakimya. Winifred asijue, asije akadhani namvizia mali yake.

Jumanne, 4 Machi

Mashahidi tele! Nikampigia simu Bi Anwar wa halmashauri, nikamsomea maelezo yao kwa majigambo. Wa kwanza kaandika kwamba Winifred, Mungu ambariki, hajawahi kumnyima ruhusa. Wa pili, kwamba kila akibisha hodi hupewa njia na kipande cha keki. Kwa wa tatu Bi Anwar akaguna. "Mzee wangu, mkiomba mkapewa, hiyo ni hisani, si haki."

Adabu imetuponza! Kijiji kizima hakuna aliyepita bila kuomba. Waliosema kuuliza si ujinga hawakuwahi kushughulika na halmashauri.

Akaniuliza kama hatuna hata mkorofi mmoja. Tunaye. Rodney Tipton.

Jumatano, 5 Machi

Rodney hasalimii mtu. Anakatiza bustani ya Winifred kama ya babake, buti zina matope. Na boga lake lililonishinda kwenye maonyesho, mimi nina mashaka nalo hadi leo. Nikaenda kumwangukia. Alicheka hadi akashikilia geti. "Kumbe ustaarabu wako umekutia shimoni, Norman!" Akakubali kutoa ushahidi, yeye, mkewe na kaka yake. Udongo mmoja wote.

Bi Anwar hakuridhika. Akasema huo ni ukoo, si umma. Tena foleni ya maombi ni ya miaka. Nina miaka sabini na tatu!

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu ukorofi mwenyewe. Nikaingia bustanini kichwa juu, bila hodi. Dirisha likafunguka. "Pita tu, Norman, chai tayari!" Ruhusa! Nimeharibikiwa.

Mchana nikarudi nimeinama nyuma ya miti. Nikakumbuka kwamba kujificha nako hakufai. Nikasimama ghafla, tawi likanichapa usoni. Winifred akatoka mbio na mfuko wa njegere zilizoganda kwenye friji, akanishikia shavuni. Mwanamke huyu ataniua kwa wema.

Jumamosi, 8 Machi

Rodney karopoka yote baa. Asubuhi hii Winifred kaja kwangu, uso kaukunja. "Miaka yote unaniomba kupita, Norman, na la maana hukuniomba!"

Kumbe mwenye ardhi anaweza kuitoa njia kwa umma yeye mwenyewe, kwa saini, kabla hajauza. Ameshazungumza na Bi Anwar.

Niliishiwa ujanja, nikasema kweli. Si baa. Nikikosa mlango wake wa kubisha, siku yangu haina maana. Akajibu kwamba anajua siku nyingi, kwani nilidhani zile keki anampikia Rodney?

Jumatatu, 12 Mei

Kibao kimesimama! Njia ya umma, milele. Nikaenda kwa Winifred, nikabisha hodi, nikaomba kupita. Akasema sihitaji tena kuomba. Nikasema najua. Akateleka birika.

Wakati wa kurudi nimegundua jambo. Ukikatiza nyuma ya nyumba ya Rodney, unafika dukani kwa nusu ya mwendo. Miaka ishirini tu, bila ruhusa, na halmashauri haina ujanja! Nitakuwa na tisini na tatu, bado kijana. Naanza kesho. Asubuhi nitampelekea Rodney chupa ya jamu, nimwombe kwa adabu aniruhusu kupita.