Pikipiki Iliyokengeuka

Wakazi wote wa Suneka, Nyakoe, Kebirigo na vitongoji vyake mnaarifiwa kwamba suala la pikipiki ya dada yangu Ilwad limekamilika kwa amani, na kwamba ofisi husika haikushindwa. Ilibadilisha mawazo tu.

Ninaandika nikiwa Katibu wa shughuli nzima. Nilijiteua nilipofika nyumbani kutoka shule ya bweni, na hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Ilwad ana duka la vipuri Suneka. Pikipiki yake ya spoti ilitoka kiwandani ikiwa na adabu. Baada ya miaka mitatu mikononi mwake, ilikuwa na taa za kijani tumboni, kiti kilichoinuka nyuma kama mkia wa jogoo, na bomba la moshi ambalo likiamka, kuku wa jirani husahau walichokuwa wakitaga. Sasa alitaka kuiuza anunue mpya zaidi iliyokuwa Kisii mjini. Muuzaji alikuwa amekubali kumwekea hadi Ijumaa saa sita mchana, si dakika zaidi. Mnunuzi naye alikuwapo: Eric, kijana wa Kebirigo, pesa mfukoni.

Kilichobaki ni cheti. Kwa amri mpya, pikipiki iliyobadilishwa haiuzwi kabla ya Kitengo cha Uhakiki wa Pikipiki Zilizokengeuka, Nyakoe, kuthibitisha kuwa ni ya kawaida. Kitengo hicho ni meza moja, mihuri mitatu na Bwana Jethro.

Jumatano Bwana Jethro aliizunguka pikipiki mara mbili.

"Msichana wangu, logbuku ya usajili inasema hii ni pikipiki. Mimi naona harusi."

"Basi nitairudisha ilivyokuwa, mzee."

"Aka!" Eric akaruka. "Ikirudi ilivyokuwa, mimi naenda zangu. Omogaka, mzee wangu, mimi nanunua kelele. Pikipiki ni ya kuibebea tu."

Kwa hiyo, ikiwa na kelele haina cheti, na ikiwa na cheti haina mnunuzi. Bwana Jethro alituambia huo ndio usawa mbele ya sheria, akachukua ufunguo kwa ajili ya uchunguzi wa mwendo.

Ni lazima nikiri kwamba uchunguzi ulikuwa wa kina. Alhamisi asubuhi aliichunguza hadi Kisii na kurudi. Mchana aliichunguza hadi Suneka kunywa chai, ingawa Nyakoe chai ipo. Alipita mbele ya duka letu akiwa amelala juu ya tangi, tai imetupwa begani, taa za kijani zinawaka kwenye jua la saa saba.

"Anabadilisha gia kama anachimba mtaro," alisema Ilwad, machozi yakimlengalenga. Alipompigia simu, aliambiwa uchunguzi utachukua wiki mbili. Injini ilikuwa na mambo.

Ijumaa saa tatu tulikuwa kwenye benchi la Kitengo, Ilwad akitazama saa, Eric akitazama mlango. Bwana Jethro alikuwa nje kikazi. Badala yake aliingia Madam Eucabeth, mkurugenzi wake kutoka Kisii, uso umekunjamana.

"Jethro yuko wapi? Tangu jana kuna mtu anapiga kelele na pikipiki chini ya dirisha langu. Nataka amkamate leo!"

Hatukuhitaji kujibu. Nje kulinguruma, vioo vikatetemeka, na Bwana Jethro akafunga breki mlangoni kwa ustadi ambao Alhamisi hakuwa nao.

"Jethro."

"Madam."

"Hiyo imekengeuka, na wewe umeikalia?"

Bwana Jethro alimtazama bosi, akaitazama pikipiki. Nadhani aliiona pia pensheni yake ikipita mbali.

"Hapana, Madam. Siwezi kupanda kitu kama hicho. Hii ni ya kawaida kabisa."

"Na hizo taa?"

"Za kawaida."

"Na hiyo kelele?"

"Hiyo ni afya njema, Madam."

"Basi cheti chake kiko wapi?"

Alikiandika papo hapo juu ya tangi, akakigonga mihuri yote mitatu. Ilwad alipuliza wino ukauke. Saa tano Eric alikuwa akiwafahamisha watu wa Kebirigo kwamba anakuja. Saa sita kasoro dakika nne, Ilwad alikuwa Kisii amekalia pikipiki yake mpya.

Lakini Madam Eucabeth alikuwa amebaki na nakala. Jumatatu alitoa waraka: kwa kuwa mtaalamu wetu amethibitisha pikipiki ya kawaida ilivyo, pikipiki za watumishi wote wa Kitengo zilinganishwe nayo. Mtumishi ni mmoja. Pikipiki yake ni kuukuu, kiti bapa, haina taa tumboni, na sauti yake ni kama ya mtu anayeomba radhi. Ilionekana imekengeuka vibaya, ikapigwa marufuku barabarani.

Jioni Bwana Jethro alifika dukani akiisukuma kwa mikono kutoka Nyakoe, shati limelowa.

"Ilwad, mwanangu, ifanye ipige kelele kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani, mzee? Cheti kinasemaje?"

Alitoa nakala mfukoni, akaisoma. Kwenye nafasi ya sauti, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na maneno mawili: afya njema.

Kwa kuwa hakuna kipimo cha afya njema, Ilwad alichukua msumeno akalikata bomba lote la moshi.