Wifi Kumi na Sita, Mimi Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kanipima damu. Vitamini D: kumi na moja. Inatakiwa angalau ishirini! Ndiyo maana magoti yanalegea kama uji. Kaniandikia kidonge kimoja kila wiki, na jua la mikononi na miguuni kila siku. Wifi yangu wa ghorofa ya chini kapimwa pia: kumi na sita. Kanizidi miaka minne na bado kanipita! Katangaza ngazi nzima. Haki ya nani, kipimo kijacho nitampiku.

Jumanne, 4 Machi
Uani kuna benchi moja tu lenye jua, na wifi kaota mizizi hapo. Nikamwambia mafundi bomba wanakuja kufukua hapo. Akanishukuru sana. Akahamia juu ya paa, kwenye jua la bure kutwa nzima! Saa nne tangi la maji la paani likatia benchi langu kivuli. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Akili mpya. Kiti sebuleni, dirisha limefungwa, jua tele, chai mkononi. Saa tatu nzima! Mke wa mwanangu, ambaye ni muuguzi, karudi kutoka kazini na kucheka mpaka kakaa chini. Kumbe kioo kinazuia jua lenye faida. Nimeambulia jasho.

Alhamisi, 6 Machi
Nikaenda kumpeleleza wifi. Ngazi arobaini na sita. Ya thelathini, miguu ikagoma. Juu siwezi, chini siwezi. Nikashika ukuta nikaanza kuomba. Wifi akanisikia, akashuka, akanishika kiuno hadi paani. Akanikunjia mikono ya gauni mwenyewe. Akasema, "Njoo kila siku, wifi yangu. Huku nimebaki kuongea na nguo zilizoanikwa." Machozi yakanitoka. Nikasingizia jua.

Ijumaa, 7 Machi
Tumepanda pamoja, tukipumzika mara tatu. Nimekiri uongo wa mafundi bomba. Kumbe alijua siku ile ile! Tumecheka hadi mbavu zikauma. Ushindani umekwisha. Sisi ni ndugu.

Jumamosi, 8 Machi
Paani tena. Wifi kasinzia, mdomo wazi, jua lote lake. Nikamtazama kwa upendo. Kisha nikamfungulia mwavuli, taratibu, asiamke. Akiuliza, nilimwonea huruma asiungue. Mimi nimevuta kiti mbele na kupandisha gauni magotini. Kumi na saba, naja!