Ombi la Kurejeshewa Mke kwa Kazi ya Kushindilia Beringi

Kwa Baba Mkwe,
Mzee Marhoun,
Mkoani, Pemba.

Assalaamu alaykum warahmatullah.

Baada ya salamu, na baada ya kukushika mkono kwa heshima zote anazostahiki mtu aliyekubali kunioza binti yake huku akiwa na akili zake timamu, natumai wewe, Mama na wote hapo nyumbani ni wazima wa afya. Mimi huku Chake Chake ni mzima pia, isipokuwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, ambacho nitakitaja panapohusika.

Baba, kazi yangu ni ukarani, na miaka yote nimekuwa mtu wa kupokea malalamiko ya wenzangu, kuyagonga muhuri na kuyaweka kwenye faili ambalo halifunguliwi tena. Leo ni zamu yangu kulalamika. Binti yako Rawya, mke wangu, amesusa na yuko kwako. Nyinyi hapo mmeshamsikiliza yeye. Ni haki mnisikilize na mimi, tena kwa namba, ili shemeji zangu wasije wakasema kwamba nimechanganya mambo.

Kwanza: baiskeli. Chanzo cha yote haya ni baiskeli ya mbio aliyoniletea mwanao Fahd kutoka Maskati. Sikuiomba. Nilisema tu, mara kadhaa na mbele ya watu, kwamba mwanamume wa umri wangu na wa tumbo langu anahitaji mazoezi. Ni baiskeli nzuri, fremu yake ya kaboni, nyepesi hata mgonjwa anaweza kuinyanyua. Lakini walioitengeneza hawakutia hesi, ile mikato ya kukazia skrubu, pale katikati, pedeli zinapozungukia. Baiskeli tulizokulia nazo zina hesi pale. Unakaza kwa spana, unakwenda zako. Hii ina tundu tupu, laini, na beringi mbili zinashindiliwa humo, moja kila upande, zikae kwa kubanwa tu. Ikiingia upande kidogo, au ikipita chembe moja ya mchanga, basi baiskeli inalia kila ukikanyaga pedeli.

Yangu ililia. Ililia nikipanda kilima na ililia nikishuka. Watu wa barazani wakawa wanaanza kuitikia salamu yangu kabla sijatokeza kwenye kona. Imamu wetu aliniita pembeni akaniambia, kwa upole mkubwa, kwamba thawabu za kwenda kuswali alfajiri kwa miguu ni nyingi zaidi.

Pili: nyundo. Nilitazama kwenye simu jinsi beringi hizi zinavyotiwa. Alikuwepo Mzungu mmoja mwenye kifaa cha kung'aa, chenye mikono miwili, anazungusha taratibu na beringi inaingia yenyewe. Kifaa hicho Pemba nzima sikukiona. Nikaona nyundo na kipande cha mbao vitatosha, kwa sababu mkononi mwangu nyundo inaniongezea kujiamini. Hapo ndipo kidole gumba kinapohusika. Rawya alikuwa kasimama mlangoni, akatazama, akasema beringi imekaa upande. Nikamjibu ashughulike na malai yake ya barafu. Ilikuwa imekaa upande. Lalamiko langu la pili, Baba, ni kwamba binti yako alikuwa sahihi, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kunipa hata nafasi ya kukasirika vizuri.

Tatu: friza. Friza hii uliitoa wewe, zawadi ya harusi yetu, na Mungu akulipe. Rawya ndimo anamogandishia malai anayouza kwa vikombe pale dirishani. Mtaa mzima unayajua, hasa ya ukwaju. Sasa, nilisoma kwamba chuma kikipigwa na baridi kinanywea kidogo, na beringi iliyonywea inaingia tunduni bila ugomvi. Hilo ni kweli, hata mafundi wakubwa wanafanya. Nikanunua beringi mpya. Hadi hapo sina kosa.

Lakini nikakumbuka kwamba bibi zetu walikuwa wakisugua sinia za shaba kwa ukwaju zikang'aa. Nikawaza: kwa nini nisifanye kazi mbili kwa mpigo? Nikaitumbukiza beringi moja katika kikombe cha maji ya ukwaju, nikakitia frizani pamoja na vyenziwe, ili ising'are tu bali inywee pia. Kwamba beringi si sinia, wala si shaba, nimekuja kuelezwa baadaye na watu wengi. Kikombe sikukitia alama. Nilijiamini kwamba nitakikumbuka.

Kikombe hicho Rawya alimuuzia Mzee Ngwali, jirani yetu, mtu mzima anayeheshimiwa, ambaye hana mazoea ya kuramba malai, yeye huyauma. Akauma. Jino la mbele likatoka. Kwa haki ya Mungu, jino lile lilikuwa likitikisika tangu nihamie mtaa huu, na ningeweza kuleta mashahidi, lakini mashahidi wote wako upande wake.

Nne: swali. Hapa naandika kwa ufupi. Rawya alirudi kutoka kwa Mzee Ngwali, alikokwenda kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, mbele ya watoto na wajukuu wa mzee, na macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilisimama ukumbini na mikono yangu ya grisi. Nikamuuliza beringi iko wapi.

Alikuwa nayo. Alikuwa ameshaiosha na kuifuta kwa upindo wa kanga yake. Akaiweka mezani, akasema, "Beringi yako hiyo. Miye nenda kwetu."

Sikuona kwamba swali lile lilikuwa baya. Lilikuwa fupi, la kiufundi, na lilipata jibu. Nililiona baya baadaye, friza ilipoanza kunguruma peke yake na nyumba nzima haina mtu mwingine wa kuisikia.

Tano: hali ya kiufundi ilivyo sasa. Sikukaa bure, Baba. Nimejitengenezea kifaa changu cha kushindilia: bolti ndefu yenye hesi mwili mzima, nati mbili, washa nene za kukalia nati, na vibao viwili vya mviringo vya kusukumia beringi. Unaipitisha bolti tunduni, unaanza kukaza, na beringi inaingia taratibu kama kwa yule Mzungu. Tatizo ni kwamba hii ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaza nati ya upande huu. Mwingine anaishika kwa spana nati ya upande wa pili isizunguke, na wakati huohuo anatazama kama beringi inakwenda sawa au imekaa upande. Katika wilaya yote hii namjua mtu mmoja tu mwenye jicho hilo, na yuko kwako anakula samaki.

Nimejaribu njia nyingine. Nilimwomba Mzee Ngwali aje anishikie. Mzee amenisamehe kabisa, na ananiambia hivyo kila tukionana, lakini kila akifungua kinywa kunisamehe naliona pengo, na nati inaniponyoka. Nilijaribu pia kuishika spana kwa mguu. Baiskeli iliniangukia. Ni nyepesi, kama nilivyosema, lakini si kwa mtu aliyelala chini yake.

Sita: nani alaumiwe. Nimelipima jambo hili kwa uadilifu. Baiskeli imetoka kwa mwanao. Friza imetoka kwako. Binti anayeona kilichokaa upande ametoka kwako pia, na Mama aliwahi kuniambia kwamba jicho hilo amelirithi kwako. Mimi upande wangu nimechangia nyundo na ukwaju tu. Kwa hiyo utakubali, ukiwa mtu wa haki, kwamba sehemu kubwa ya mkasa huu imeletwa Chake kutoka Mkoani.

Kwa kuzingatia hayo, naomba Rawya arejeshwe kwa ajili ya kushika spana. Nati ya pili haiwezi kusubiri zaidi.

Ikiwa hilo haliwezekani, naomba uje wewe mwenyewe ushike, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kwa sababu baada ya kutia kuna kufungua, kusafisha mchanga, kupaka grisi na kurudishia tena. Chumba kipo. Ila najua huwezi kula ninachokipika mimi, kwa hiyo itabidi uje na Mama. Mama hataki kukaa mbali na wajukuu, kwa hiyo Fahd na nduguye Ridha nao waje na familia zao. Mbuzi pia, asibaki bila mtu wa kumtazama. Mkishakuja nyote, Rawya atabaki peke yake katika nyumba ile kubwa ya Mkoani, na kwa kuwa hajazoea kukaa peke yake, atalazimika kuwafuata. Utaona mwenyewe kwamba njia zote zinatufikisha pale pale, na kwamba ombi langu la mwanzo lina gharama ndogo zaidi kwa familia.

Nasubiri jibu lako kwa heshima. Nisalimie Mama, umwambie namwombea dua na yeye aniombee. Nisalimie Fahd, umwambie baiskeli ni nzuri sana. Nisalimie Ridha, na watoto wote, na majirani zenu wa kulia na wa kushoto, ambao naamini habari zangu zimeshawafikia.

Wako katika unyenyekevu,

Mkweo Abdulnasir,
Chake Chake.

Nyongeza: Baba, beringi nimeshazitia. Nilizitia juzi, peke yangu. Ile spana ya pili unaiegemeza ukutani tu, inajishika yenyewe. Kazi haihitaji mtu wa pili hata kidogo. Zimeingia sawa. Nimepanda kilima na kushuka na baiskeli haikutoa hata mlio mmoja, na hakuna aliyejua kwamba nimepita. Nikafika nyumbani, nikaifungua milango mwenyewe, nikakaa.

Kwa hiyo sina sababu yoyote ya kiufundi. Ninamtaka Rawya kwa sababu nampenda na nilimuudhi. Ijumaa baada ya swala nakuja Mkoani kumuomba radhi mbele yako na mbele ya shemeji zangu, na akiniacha nisimame uani mpaka jioni, ni haki yake. Barua hii isomeni barazani mcheke. Kipande hiki kikate, umpe yeye.