Firigisi ya Msomaji wa Mita

Jumatatu, 8 Juni 1998

Bwana Dalmas ameondoka! Amehamishiwa Nakuru. Habari nimepewa na Kavoi wa mlango wa pili, akitabasamu, kama kawaida yake akiwa na habari mbaya.

Nieleze kidogo, maana huenda siku moja wajukuu wakasoma. Ploti yetu, hapa nyuma ya stendi ya Kawangware 56, ina mita moja tu ya stima. Mita hiyo iko chumbani kwangu, ukutani, juu ya kitanda. Zamani chumba hiki kilikuwa duka la mwenye ploti, Mama Wacera. Duka likafungwa, mita ikabaki, nikaingia mimi, Boaz Wakoli, fundi wa masanduku ya bati. Basi kila mwezi Bwana Dalmas, msomaji wa mita, akibisha hodi, mlango wangu hujaa watu. Ploti nzima huja kusikia mita imefika wapi. Mke wangu Annet hupika chai. Vikombe havitoshi, watu hunywa kwa zamu. Siku hiyo mimi ni mtu. Siku nyingine zote ni fundi tu anayegonga bati mpaka majirani waumwe kichwa.

Sasa Jumatano anakuja msomaji mpya. Hakuna anayemjua. Kavoi anasema Mama Wacera atamwomba huyo mpya atupe macho vyumbani, aone nani anapikia koili ya stima. Koili amezipiga marufuku. Atakayeshikwa nayo anatoka kwenye ploti, hakuna maneno.

Mimi ninayo. Iko chini ya kitanda.

Jumanne, 9 Juni

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi, nikigonga bati la sanduku la mtoto wa shule, mpango ukaja wenyewe. Kuku!

Kwetu Kimilili mtu akila kuku wako, hasa ukimpa firigisi, hawezi tena kukusema vibaya. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Ukimwekea mgeni, umempa heshima yote uliyo nayo. Msomaji mpya akila firigisi yangu, ataiona koili? Hata akiikanyaga hataiona.

Nimenunua jogoo. Annet ameuliza ni wa nani. Nimemwambia ni wa msomaji wa mita. Ameendelea kukoroga uji, kisha akasema, "Baba Lenah, firigisi hujawahi kumpa hata baba yangu."

Nimemkumbusha kwamba baba yake hasomi mita.

Jioni nimekaa mlangoni peke yangu. Watu wote wako kwa Kavoi. Amenunua televisheni, ndogo, nyeusi na nyeupe, kwa sababu ya Kombe la Dunia linaloanza kesho. Ameiweka juu ya sanduku nililomtengenezea mimi! Wamejaa huko ndani wakiangalia taarifa ya habari, na mpira haujaanza.

Nimeikumbuka Mashimoni. Kabla ya kuja huku tulikaa Kibera miaka mingi, Mashimoni, hatua chache kutoka kibanda cha maji. Hakukuwa na stima. Koroboi tu, na asubuhi pua nyeusi. Lakini watu! Mzee Shiundu alikuwa na redio, na betri zikiisha tulizianika juu ya paa tangu asubuhi ili zipate nguvu ya jioni. Mwaka wa tisini, Kameruni walipowafunga Ajentina, tulikuwa tumebanana chumbani kwa Shiundu mpaka mlango ukang'oka. Betri zilikuwa zinakata roho, mtangazaji anasikika kama yuko chini ya maji. Hakuna aliyeondoka. Binti yetu Lenah alikuwa mchanga, akalala mapajani mwa mwanamke ambaye hata sikumjua jina, na sikuwa na wasiwasi.

Huku tuna balbu, na kila mtu ana kufuli yake. Nilikuja kwa ajili ya Lenah, asome kwenye mwanga. Sijuti. Ila nikiipoteza mita, hakuna mtu wa Kawangware atakayewahi tena kubisha mlango wangu.

Jumatano, 10 Juni

Ushindi! Ushindi mkubwa! Naandika mkono ukinuka mchuzi.

Saa sita mchana hodi. Mwanamume wa makamo, tochi mkononi, daftari kwapani, futi ya kupimia imetokeza mfukoni. Akaanza kusema samahani, alikuwa anatafuta. Sikumwacha amalize. Nikamshika mkono nikamwingiza, nikamketisha kwenye kiti kizuri. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Hata jina huulizi. Na yeye, kumbe ni mtu wa magharibi kama sisi, nilimjua kwa namna alivyonawa mikono bila kubishana. Naye akafuata desturi. Hakusema alichofuata. Tulikula kwanza.

Nilimwekea firigisi kwa mkono wangu mwenyewe. Akaitazama, akanitazama. Macho yake yalilowa kidogo. Alisema tangu mama yake afariki hakuna aliyemwekea firigisi Nairobi hii. Annet alitoka nje, eti anaangalia nguo kwenye kamba.

Tulipokuwa tunakula, mtu akabisha tena. Msichana, sare ya buluu, kitambulisho shingoni. Akasema anaitwa Mutanu na amekuja kusoma mita. Nikacheka. Nikamwambia, binti yangu, msomaji wa mita yuko ndani anakula, nenda ukawadanganye wengine. Tumeambiwa mara nyingi tusifungulie kila mtu anayesema ametoka kwa watu wa stima! Alinionyesha kitambulisho. Nikamwambia hata mimi naweza kuchora hicho. Akaandika kitu, akaenda kwa Kavoi. Mpumbavu huyo akampa soda.

Mgeni wangu baada ya kula akatoa futi, akapima ukuta. Akapima na mlango. Siku hizi watu wa stima wanapima hata kuta, maendeleo haya. Mita yenyewe hakuitazama hata mara moja. Nikajua firigisi imefanya kazi.

Ndipo akasema, "Ndugu, nimeshiba. Mimi nimetumwa na Mama Wacera."

Nikamwambia najua, ndugu yangu, najua sana. Nikachukua nafasi hiyo hiyo. Nilikisifu chumba: hakivuji, ukuta ni wa mawe, stima haikatiki ovyo. Nikavuta koili kutoka chini ya kitanda, nikaiwasha mbele yake mpaka ikawa nyekundu, nikamwambia hii hujaiona. Akacheka sana. Akasema hajaona kitu.

Akauliza kama nitakaa hapa siku nyingi. Ili asinione mkorofi, nikamwambia mimi hapa ni wa kupita tu, roho yangu iko Mashimoni. Mdomo ukafunguka. Nikamweleza habari za Shiundu, za betri juu ya paa, za mlango uliong'oka. Nikasema leo hii nikipata chumba Mashimoni, kesho nimehama. Ni maneno ya kuongea tu baada ya kushiba! Yeye akasikiliza kwa makini, akasema Mashimoni anapajua vizuri. Nikafikiri labda aliwahi kusoma mita huko. Huko kwetu mita za stima hazikuwapo, lakini sikutaka kumvunjia heshima.

Aliniaga kwa mikono miwili.

Jioni mpira umeanza. Brazili. Kelele za watu kwa Kavoi zimenifikia kupitia ukutani, na ukuta wangu ni mwembamba kuliko nilivyomwambia mgeni. Hakuna aliyeniita. Haidhuru. Mita ni yangu.

Alhamisi, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mama Wacera amekuja asubuhi kabla sijanawa uso. Amevaa koti lake la kwenda kwa chifu. Akauliza kwa nini nimemfukuza msomaji wa mita. Nikamwambia sijamfukuza, nimemlisha. Akasema Mutanu ameandika kwamba alizuiwa mlangoni na mtu mwenye mchuzi kidevuni.

Basi aliyekula kuku wangu ni nani?

Anaitwa Morris. Anauza misumari na rangi. Mama Wacera alimtuma aone kile chumba kitupu cha mwisho, karibu na choo, na ufunguo wake uko kwa Kavoi. Alibisha kwangu kuuliza mlango wa Kavoi ni upi! Ile tochi ni ya korido yetu, ambayo haina balbu. Futi ni ya kupimia rafu. Sasa chumba cha karibu na choo hakitaki tena. Anataka hiki. Amemwambia Mama Wacera kwamba mwenyeji wa chumba hiki ni mtu mkarimu sana, na amechoka na Kawangware, anatamani kurudi Kibera, na bahati nzuri yeye Morris anakihama chumba chake huko Mashimoni. Tubadilishane. Alikuwa ananitendea wema! Mama Wacera anafurahi, chumba kitakuwa duka tena.

Nikasema mimi sihami. Nikasema kwa sauti.

Mama Wacera akajibu kwa upole kwamba Morris amesifu kila kitu, hata jiko la stima linavyowaka. Akainama akatazama chini ya kitanda.

"Jumamosi, Wakoli," akasema.

Annet hakunigombeza. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Lenah ameuliza atasomea wapi jioni. Nimejifanya natafuta nyundo.

Ijumaa, 12 Juni

Fundi wa stima amekuja, ametumwa na Mama Wacera ili msomaji asizuiwe tena mlangoni. Mita imehamishwa, imewekwa ukutani nje, kando ya mlango wa Kavoi. Ukutani mwangu pamebaki alama nyeupe ya mraba. Nimekaa kitandani nikaitazama muda mrefu. Nimelia kidogo. Nimemwambia Annet ni vumbi la fundi.

Morris amekuja jioni, amevua kofia. Amesikia mambo yote. Alisema amekula firigisi yangu, kwa hiyo hawezi kunitoa kwa nguvu, nikisema neno moja tu anaacha. Neno moja! Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini utamwambiaje mtu uliyemlisha kwamba ulimlisha kwa makosa? Nikamwambia karibu sana, ndugu, chumba hakivuji.

Annet ameacha kuongea nami.

Jumamosi, 13 Juni

Tumehama kwa mkokoteni. Nani amesukuma? Kavoi. Tangu 56 mpaka Mashimoni, jasho likimtoka, hakutaka hata maji. Njiani alisema televisheni ile alinunua kwa sababu alikuwa anaona wivu mlango wangu ukijaa watu siku ya mita. Miaka mitatu nimekaa ukuta kwa ukuta na mtu huyu.

Mashimoni si ile. Mzee Shiundu alirudi kwao Butere, redio akaenda nayo. Kwenye chumba chake kuna kinyozi. Vijana wananipita wakisema niaje mzee, hawanijui. Nilisimama na godoro kichwani nikijiona mjinga. Halafu Mama Kalekye, anayeuza maji kibandani siku hizi, akaniita. Akasema, "Wewe si baba wa yule mtoto aliyelala mapajani mwangu siku ya Kameruni?"

Ni yeye! Annet alimkumbatia mpaka mitungi ikaanguka. Chumba cha Morris kimepakana na kibanda chake. Tuliweka redio yetu dirishani, betri zilikuwa nusu. Naijeria walikuwa wanacheza na Hispania. Watu walianza mmoja mmoja, kisha kichochoro kikajaa. Naijeria waliposhinda, Kavoi alimnyanyua kinyozi juu. Amekosa gari la mwisho, amelala sakafuni kwetu.

Annet ameongea. Alisema nisogee.

Jumanne, 23 Juni

Betri zinakauka vizuri juu ya paa. Lenah anasomea kibandani kwa Mama Kalekye, kwenye taa yake ya karabai, na anasema ni kubwa kuliko balbu yetu. Maisha yamenyooka.

Kisha nimepata wazo.

Mama Kalekye ana mita ya maji. Iko nje, watoto wanairukia, mbuzi wanaikojolea. Nimemshauri ihamishiwe chumbani kwangu. Mahali safi, salama, mlango wenye kufuli. Kila mwezi mtu wa maji atakuja, watu watakusanyika kusikia, Annet atapika chai. Mama Kalekye amesema atafikiri. Amesema mtu wa maji atapita wiki hii na nimuulize mwenyewe.

Nimenunua jogoo.

Alhamisi, 25 Juni

Amekuja! Sasa hivi yuko ndani, ameketi kwenye kiti kizuri. Mwanamume mrefu, viatu vya mvua, mkoba kwapani. Alianza kusema samahani, nikamshika mkono.

Annet ameninong'oneza nimuulize kwanza ni nani. Anasema jirani mmoja ameona mtu kama huyo akizunguka tangu asubuhi akitafuta chumba. Wanawake wana wasiwasi! Nimemwambia watu wa kwetu hawaulizi mgeni kabla hajala.

Firigisi nimemwekea. Anatafuna polepole, anaangalia juu. Ameniuliza kama paa hili linavuja. Swali zuri kwa mtu wa maji. Nimemwambia halivuji hata tone, na akimaliza mchuzi nitamwonyesha kila kona.