Mlango wa Mwaka 2015

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wauza Milango na Boneti Zilizotumika,
Suame, Kumasi.

Jumatano

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini hujambo na biashara ya vyuma inakwenda vizuri. Mimi ni Mwalimu Fosuhene, mstaafu, niliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne bila kukosea jumla. Nakuandikia kwa uchungu kuhusu mwanachama wako, Bwana Duku. Mlango wangu wa mbele wa kulia uling'olewa na lori la ndizi, naye akaniuzia mwingine ambao haukubali kuingia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipofika dukani kwake hakunikaribisha hata kiti. Aliniuliza, "Mwalimu, umekuja na namba ya chasisi?" Ndugu Mwenyekiti, namba ya chasisi huulizwa na polisi. Nilimwambia gari ni la mwaka 2015, na ushahidi uko kwenye kibao cha namba, kinachoishia na 15 waziwazi. Akasema, "Baba, basi lete ule mlango wa zamani tulinganishe." Nikamjibu, "Kijana, mwaka nausoma, siubahatishi." Hapo alipaswa kunibishia. Yeye akanipa mlango wa 2015 kama nilivyotaka. Huo ni uzembe.

2. Mlango wenyewe una kiburi. Bawaba zake ziko chini ya zile za gari kwa vidole viwili. Kioo cha gari langu hushushwa kwa kuzungusha mkono, lakini mlango huu unadai nyaya za umeme. Juu umezidi, chini umepungua. Nimeupima mara tisa, mbili kati ya hizo kwa rula ya ubaoni.

3. Fundi wangu Sumaila, ambaye namlipa mimi, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, mlango hauna kosa. Gari lako ni kaka yake mkubwa, hawawezi kuvaa shati moja." Nikamwagiza apige nyundo. Akauliza, "Nipige mlango au nipige gari?"

4. Jumamosi mama mkwe wangu, Mama Dufie, anamzika dada yake kule Mampong. Niliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba mama mkwe nitampeleka mimi mwenyewe, akae mbele. Sasa penye mlango pana turubai na kamba. Mama mkwe ameliangalia gari, akasema, "Mkwe, mimi si mbuzi wa kupelekwa sokoni." Ameanza kuulizia gari la mkwe mwingine, yule muuza simu. Hili linaniuma kuliko yote.

Kwa hiyo naomba haki. Mlango ni wa 2015, gari ni la 2015, na mimi sikosei. Basi mlango uwe ndio kipimo. Bwana Duku aniletee nguzo zinazoufaa, kisha paa linalozifaa nguzo, boneti inayolifaa paa, na aendelee hivyo mpaka mlango upate gari lake. Akishindwa, Jumamosi avae nguo nyeusi na kuushikilia mlango kwa mikono yake kutoka Kumasi hadi Mampong, na tukifika atoe pole kama mtu wa familia. Umoja ukimtetea, naomba maduka yote yafungwe hadi kila mlango wa Suame ujaribiwe kwenye kila gari la Ghana. Nitasimamia zoezi hilo bila malipo.

Wasalimie wanachama wote, na mama anayeuza madonge ya mahindi ya kenkey mbele ya ofisi yako. Bwana Duku pia msalimie, lakini kidogo.

Wako mdai haki,
Mwl. Fosuhene

Nyongeza: Nilimpa mke wangu Afriyie barua hii akague nukta. Yeye akaenda kabatini akarudi na karatasi za bandarini. Gari lilitengenezwa mwaka 2005. Ile 15 ya kwenye kibao ni mwaka tulioliandikisha, kama ilivyo kwa magari yote ya nchi hii, na foleni ya kuliandikisha nilipanga mwenyewe. Mama mkwe akasikia. "Na wewe mkwe, ukiulizwa umri, unahesabu tangu ulipomwoa binti yangu?" Nilikosa pa kuuficha uso. Tafadhali usimsomee Bwana Duku barua hii. Mpe tu namba ya chasisi, nimeiandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa, na umwambie Jumamosi imekaribia.